Apolonia na Mistari ya Subiri

Ofisi ya Apolonia ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la pembejeo, mjini Ifakara. Kufika huko ulipita kwanza katikati ya mifuko ya mbolea na mabomba ya kupulizia dawa, halafu ukapanda ngazi ya chuma iliyolia kwa kila hatua, hata wauzaji wa chini wakajua kwa mlio tu ni nani anayepanda. Apolonia alipanda kwa haraka na kwa wepesi, kama mtu aliyeacha kitu jikoni. Dirisha lake lilitazama barabara ya kwenda Kidatu, na asubuhi, kabla ya jua kukaza, milima ya Udzungwa ilionekana kwa mbali, imejitanda kimya, haina habari na kompyuta wala na mtu.

Wauzaji wa dukani walijua anafanya kazi ya kompyuta, basi. Ukweli ni kwamba kazi yake ilikuwa kujaribu mifumo kabla haijafika mikononi mwa watu. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa vidole: mtu anakaa tangu asubuhi anabofya kitufe kilekile, anaandika jina lilelile la uongo, anatazama kama kuna kinachovunjika. Siku hizi kuna programu ya kurekodi. Unaiwasha, unafanya kazi yako mara moja kama mtu wa kawaida, na yenyewe inakaa pembeni ikiandika kila ulichogusa: amebofya hapa, ameandika jina, amesubiri, amebofya pale. Maandishi hayo ndiyo skripti. Ukiiendesha skripti, kompyuta inayafanya yote peke yake. Vitufe vinabonyea bila kidole, majina yanajiandika, kurasa zinafunguka na kujifunga, na mwisho inatoa rangi: kijani mambo yakienda sawa, nyekundu yakikwama.

Anselim, mume wake, aliwahi kupanda juu siku moja kumletea chakula, akaikuta skrini inajiendesha yenyewe na mkewe ameketi mbali anakula karanga. Akasimama mlangoni kwa muda. Akasema kwao kijijini mambo ya namna hiyo yangeitiwa mganga, na mganga mwenyewe angekimbia.

Anselim alikuwa fundi wa pawatila, yale matrekta madogo ya kutembea nayo kwa miguu ambayo siku hizi ndiyo yanalima nusu ya bonde. Gereji yake ilikuwa njia ya kwenda stesheni, ukuta mmoja wa matofali na tatu za mabati, na msimu wa kulima ulipofika watu walilala nje kusubiri zamu. Fundi wa namna hiyo huwezi kumhamisha. Ndiyo maana, walipooana, Apolonia alirudi Dar es Salaam kwenye kazi yake na Anselim akabaki Ifakara na mashine zake, wakawa watu wa simu, wa Krismasi na Pasaka, wa kupokeana stesheni na kusindikizana stesheni. Wakaishi hivyo mpaka ikawa kama desturi. Kuna ndoa ambazo hufa kwa ugomvi. Yao ilikuwa inanyauka taratibu kwa adabu tu, kila mmoja akimwuliza mwenzake amekula nini.

Kisha Remigius, mwenye kampuni ndogo ya programu mjini Morogoro, akapata kazi ya kutengeneza mfumo wa kupokea mpunga kwenye maghala ya ushirika huku bondeni, akataka mtu wa majaribio atakayekaa Ifakara. Apolonia hakuuliza mshahara kwanza. Aliuliza ofisi iko mtaa gani. Na tangu hapo yeye na Anselim walikuwa wakilala nyumba moja kila siku, jambo ambalo kwa wengine ni la kawaida, na kwao lilikuwa bado linashangaza kila asubuhi.

Katika kazi Apolonia alikuwa mtu wa mpangilio. Skripti zake alizipanga kwenye folda kama mwanamke mwenye kabati la vyombo vya wageni: folda ya kuingia kwenye mfumo, folda ya usajili, folda ya mizani, folda ya stakabadhi. Nyingi alizirekodi Kiberege, kwenye ghala la majaribio, akimwachia karani wa ghala, Mama Yosefina, ashike kishikwambi na kupokea mpunga huku programu ikiandika. Halafu alirudi ofisini kuzisafisha. Hapo ndipo alipojisikia fundi. Kwenye kila rekodi kulikuwa na mistari mingi isiyo na kazi, mistari iliyoandikwa tu subiri, subiri, subiri. Alikaa akiiondoa mmoja mmoja kama anayechambua mchele kwenye ungo. Kule Dar es Salaam walimfundisha hivyo: skripti nzuri haina muda wa kupoteza. Zake zilikimbia. Kazi iliyomchukua Mama Yosefina robo saa, kompyuta ya Apolonia iliimaliza kabla hujakohoa vizuri, ikatoa kijani.

Mavuno yalianza, magunia yakaanza kuteremka Kiberege, na siku ya pili tu simu ikalia.

“Mwanangu,” alisema Mama Yosefina, “huyu mtoto wako ananitupa nje.”

Apolonia akamwamkia, akauliza ni mtoto gani. Ni huyu wa kwenye kishikwambi, akajibiwa. Mama Yosefina alieleza kwamba anaingiza jina la mkulima, anaingiza uzito, kila kitu kinakaa vizuri, halafu akija kubofya Kamilisha mfumo unamwomba namba ya siri upya, na akiiweka anakuta ukurasa mweupe. Jina hakuna, uzito hakuna. Magunia yameshapelekwa nyuma, kwa hiyo wapakuzi wanayarudisha mizanini na kumwangalia yeye kama mchawi.

Apolonia akaziendesha skripti zote. Kijani. Akaziendesha tena, akianzia mwisho. Kijani tupu, kama mashamba ya Idete mwezi wa tatu. Akampigia Remigius, naye alikuwa na majibu mawili tayari: ni mtandao wa huko, au ni vidole vya mama. Alipoambiwa mtandao ni mzuri, akabaki na vidole.

Remigius hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebeba kampuni kichwani, na mzigo wa kichwani haukuruhusu kugeuza shingo. Akamwambia kwa upole kwamba Ijumaa anakuja Kiberege na viongozi wa ushirika. Wakiona mpunga unapokelewa bila matatizo, mfumo utaingia maghala yote. Wakiona karani anatupwa nje, watarudi kwenye karatasi, na yeye hatakuwa na sababu ya kuweka ofisi Ifakara. Meza ya Apolonia itakuwepo Morogoro, asiwe na wasiwasi.

Asiwe na wasiwasi. Jioni alimsimulia Anselim wakiwa wanakula ugali na kambale, na Anselim akauliza kama Morogoro kuna pawatila.

“Zipo chache,” alisema Apolonia.

“Basi nitatengeneza feni.”

Walicheka, lakini baadaye, akiosha vyombo, Apolonia alimsikia akipiga mluzi uani, na alimjua: Anselim hupiga mluzi mashine inapomshinda. Wote wawili walijua hatahama. Wote wawili walijua maisha ya simu yana ladha gani.

Kesho yake Apolonia akaenda Kiberege mapema, akamwambia Mama Yosefina asimjali, afanye kazi kama hayupo.

“Nitajifanya sikuoni,” alisema Mama Yosefina, “ila ukikaa kwenye gunia la watu nitakuona.”

Akapewa kigoda karibu na mlango. Ghala lilikuwa na harufu ya mpunga mpya, ile harufu ya jua na tope lililokauka, na mwanga uliingia kwa mistari kupitia matundu ya bati. Kwa muda akakaa tu, akitazama vumbi linavyocheza. Hakuwa amewahi kukaa hapo bila kurekodi. Mara zote aliangalia kishikwambi. Watu walikuwa kelele za pembeni.

Pawatila yenye tela ikafika na magunia, bila mwenyewe. Dereva akatoa kadi ya mwanachama, akamkabidhi Mama Yosefina. Hivyo ndivyo ilivyo msimu wote: mzigo hutangulia, mwenye mzigo anafuata nyuma kwa baiskeli au kwa miguu, kwa sababu tela likijaa magunia halina pa kuweka mtu. Mama Yosefina akaingiza namba ya kadi, jina likatokea. Wapakuzi wakapima, akaingiza uzito. Kilichobaki ni aina ya mpunga, kama ni Supa au Saro, na hiyo humwuliza mwenyewe. Akaweka kishikwambi juu ya meza, akangoja.

Mwenyewe akaingia. Alikuwa mama mtu mzima wa Kisukuma, mrefu, khanga mbili begani, aitwaye Nyamizi, ambaye familia yake ilihamia bondeni na ng'ombe miaka mingi nyuma na sasa inalima mpunga kuwapita wenyeji.

“Mwangaluka,” alisema Mama Yosefina, ambaye ni Mndamba, na ambaye Kisukuma chake kinaishia karibu na hapo.

Nyamizi akaitikia, na salamu zikaanza. Si salamu za mjini, za kutupiana kama karanga. Nyamizi aliuliza habari za nyumbani, akasubiri jibu. Akauliza habari za watoto, mmoja mmoja, yule wa Mlimba na yule aliyekuwa na mimba. Akauliza mvua iliwaachia nini, mto ulifika wapi, mguu wa mzee unaendeleaje. Kisha zamu ikageuka, na Mama Yosefina naye akauliza yote, na kuongeza la ng'ombe, kwa sababu kumsalimia Msukuma ukaacha ng'ombe ni kama kumsalimia mtu ukaruka mama yake.

“Ng'ombe zako zilikula mpunga wangu mwaka juzi,” alisema Mama Yosefina. “Mwaka huu umeamua kuniletea mwenyewe?”

“Walirudi wakaniambia hauna chumvi,” alisema Nyamizi. “Nimekuja kukuonyesha mpunga.”

Wapakuzi wakaangua kicheko, na mmoja akataka kujua kama ng'ombe hao wanajua kusoma mizani pia. Na wakati huo, mezani, peke yake, kishikwambi kikafifia, kikazima.

Apolonia alikuwa anacheka na wengine alipokiona. Kicheko kikamkatikia katikati. Mfumo ulikuwa na kinga ya usalama: usipoguswa kwa dakika chache hujifunga, ili mtu mwingine asije akachezea taarifa za watu. Remigius aliiweka baada ya rekodi zile za kwanza, Apolonia mwenyewe aliijaribu, na skripti yake haikuwahi kukaa kimya muda wa kutosha kuiamsha. Haikuwahi, kwa sababu aliutoa ukimya wote. Ile mistari ya subiri aliyoiondoa kwa raha zote, akiiona takataka, ilikuwa ndiyo hii: mguu wa mzee, mtoto wa Mlimba, mto ulifika wapi. Programu ilikuwa imewasikiliza watu hawa kwa uaminifu, ikaandika kila kimya kilipoangukia. Yeye akaja na ungo.

Mtu akikaa kwenye kigoda ghalani anaweza kufikiri mambo mengi. Apolonia alifikiri juu ya simu za miaka ile, alivyokuwa akimwuliza Anselim swali na kulikatisha jibu kwa sababu basi limefika. Halafu akajiambia aache kujitesa, ana kazi, na akatoa kompyuta yake.

Alirekodi siku nzima. Safari hii hakugusa chochote. Mpaka alasiri watu walikuwa wamemzoea, na kila aliyeingia alimaliza kwanza kumsalimia Mama Yosefina kisha akamgeukia yeye, kwa hiyo rekodi nyingine zilibeba salamu zake mwenyewe, na Mama Yosefina akamwambia sasa naye amekuwa sehemu ya ugonjwa.

Ofisini akaziendesha skripti kama zilivyo, na mistari yote ya subiri mahali pake. Ilikuwa kazi ya kuchosha kutazama. Kompyuta iliingiza jina, ikaingiza uzito, ikakaa. Ikakaa kabisa, kama mtu aliyeketi kibarazani. Kisha ikabofya, na ukurasa mweupe ukatokea, na pembeni ikawaka nyekundu. Ya pili nyekundu. Ya tatu nyekundu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi Apolonia aliifurahia rangi hiyo, akashuka chini dukani akajinunulia soda ya kujipongeza.

Remigius hakununua soda. Alisikiliza maelezo yote kwenye simu, akasema kinga haiwezi kuondolewa, hizo ni taarifa za watu. Apolonia akakubali, akasema haombi iondolewe. Anaomba mfumo ukijifunga utunze kilichoandikwa, karani akiweka namba yake ya siri akute kazi pale alipoiacha. Remigius akasema hiyo ni kazi ya kufumua sehemu kubwa, na Ijumaa iko mlangoni. Njia rahisi ni kuwaelekeza makarani: wamalize kuingiza, ndipo wasalimiane. Au wafupishe.

“Kaka Remi,” alisema Apolonia, “nikamwambie mama wa watu afupishe shikamoo?”

“Unamwambia kwa adabu.”

“Haina adabu hiyo. Ukimwuliza mtu Supa au Saro kabla hujamwuliza ameamkaje, atakuona umegombana naye. Kesho hatarudi, atauza kwa walanguzi barabarani, na mfumo wako utakuwa kijani hauna mpunga.”

Kimya upande wa pili, kirefu. Apolonia alikuwa na la kuongeza, akajizuia. Akakiacha kimya kifanye kazi yake.

“Nitumie hizo nyekundu,” alisema Remigius hatimaye.

Alizituma zikiwa zimepangwa upya. Folda za zamani, za kuingia na mizani na stakabadhi, alizivunja. Sasa alizipanga kwa namna watu wanavyokuja: Mzigo Umetangulia, Mwenyewe Ametangulia, Amekuja na Jirani, Amekuja na Malalamiko. Alifungua na ya mwisho, Ana Haraka, na hiyo ikakaa tupu. Remigius alipoziona alimwandikia kuuliza kama huo ni mpangilio wa skripti au wa wageni wa harusi. Lakini alifanya kazi, na Alhamisi jioni toleo jipya likafika. Apolonia akaziwasha zote kwa pamoja, akatoka kwenda sokoni, kwa sababu skripti zenye salamu hazisubiriki kwa kukodolewa macho. Aliporudi na mchicha wake zilikuwa kijani, zote isipokuwa moja ya jirani. Akampigia Remigius, wakairekebisha.

Ijumaa Remigius alifika na viongozi wawili wa ushirika, shati limenyooka, viatu vimeshaonja tope la Kiberege. Wakasimama kando ya mizani. Tela likaingia. Mama Yosefina akaingiza kadi, akaingiza uzito, akaweka kishikwambi mezani, na aliyeingia mlangoni alikuwa Nyamizi, na awamu yake ya pili ya magunia.

Apolonia aliona uso wa Remigius ukitulia: mama mmoja, salamu moja, watapita. Lakini Nyamizi alipomaliza na Mama Yosefina aligeuka, akamwona kijana mgeni, akampa mkono.

“Wewe ni wa nani?”

“Shikamoo mama. Mimi ni wa Mahenge.”

“Marahaba. Mahenge ni pakubwa. Ni wa nani?”

Remigius akataja jina la baba. Nyamizi akauliza baba wa baba. Akataja na huyo, kwa kusitasita, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Nyamizi akataka kujua mama yake ni wa wapi, kama yuko hai, kama anamtembelea, lini mara ya mwisho, na mbona ni zamani hivyo. Jicho moja la Remigius lilikuwa kwa Nyamizi na jingine mezani, ambako kishikwambi kilififia, kikazima. Apolonia alishika ukingo wa kigoda chake. Viongozi wa ushirika hawakuona lolote, walikuwa wakisikiliza kwa makini kujua kama mama yule wa Mahenge ana afya.

“Basi umpelekee salamu,” alimaliza Nyamizi. “Umwambie ni za Nyamizi wa Kiberege. Atauliza ni nani. Mwambie naye aje aone.”

Mama Yosefina akamwuliza kama ni Supa au Saro. Supa, akajibu, je alikuwa anadhania nini? Mama Yosefina akashika kishikwambi. Kikamwomba namba ya siri, akaiweka bila haraka, kidole kimoja kimoja, na ukurasa ukafunguka: jina la Nyamizi, uzito wa magunia yake, vyote vimekaa vinamsubiri. Akabofya Kamilisha. Stakabadhi ikatoka kwenye mashine ndogo ikilia kama panya, Nyamizi akaikunja akaitia kwenye pindo la khanga.

Viongozi wa ushirika waliuliza mambo mawili matatu ya kawaida na kuaga kwa muda uleule waliotumia kukagua. Remigius alibaki ameegemea mizani. Akamwambia Apolonia kwamba ghala la Idete litafuata, halafu la Uchindile, na kwa kuwa kila mahali watu wana namna yao, itabidi arekodi kila ghala upya, jambo ambalo haliwezi kufanyika kutokea Morogoro. Alilisema akitazama viatu vyake. Kisha akaomba ruhusa kidogo, akatoka nje ya ghala, na Apolonia akamwona kupitia mlangoni anapiga simu, ameinamisha kichwa, anasema shikamoo.

Alipofika Ifakara Apolonia hakupitia ofisini. Alikwenda moja kwa moja gereji, akamkuta Anselim ameingia hadi viwiko kwenye injini iliyofunguliwa, shavu lina grisi. Akaketi juu ya tairi, akamsimulia yote tangu mwanzo, hata mahali pasipo na maana, na Anselim hakumharakisha, alikuwa akiondoa nati na kuziweka kwenye kopo, moja baada ya nyingine.

“Kwa hiyo tunabaki,” alisema Anselim mkewe alipomaliza.

“Tunabaki.”

“Kwa sababu mashine imejifunza kusubiri bila kusahau.”

“Ndiyo hivyo.”

Anselim akafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

“Mimi nimefanya hivyo miaka yote ile,” alisema, “na hakuna aliyekuja kunirekodi.”

 Apolonia akasogea kwenye tairi, akamwachia nafasi. Anselim akaiacha injini wazi kama ilivyo, mteja wake akiwa nje anachungulia, akaja akaketi.